Saikolojia kwa Akili Zetu: Mwongozo kwa Anayefundisha na Anayetafiti

Mama mmoja, wa umri wa kuweza kunizaa, aliniuliza swali ambalo mpaka leo nalifanyia kazi. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya zahanati, mimi na dodoso mapajani, yeye na kadi ya kliniki mkononi. Nikamsomea kipengele cha kwanza kama kilivyoandikwa: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Akanitazama. "Mambo gani, mwanangu?" Nikarudia vilevile, maana tulielekezwa tusiongeze neno. Akasema, "Kulima nalima. Maji nachota. Raha ndiyo ipi hapo?" Nikazungushia sifuri. Kwenye kipengele cha matatizo ya kulala akajibu kwamba analala, tena mapema, saa mbili. Sifuri nyingine. Tulipomaliza, nikiwa nafunga begi, akaniambia kuwa tangu amzike mwanawe moyo umekufa ganzi, chakula anakipika ila hakipiti, na usiku anahesabu mabati mpaka jogoo awike. Dodoso langu lilikuwa limeshamwandika mzima.

Mwongozo huu umetoka kwenye benchi lile. Nauandika kwa mhadhiri, kwa mwanafunzi wa uzamili, na kwa msaidizi wa utafiti anayebeba madodoso kwenye bodaboda kutoka kijiji hadi kijiji. Habari ya kuutoa ukoloni katika saikolojia imezungumzwa sana kwenye makongamano. Mimi naona kazi yenyewe iko kwenye swali unalomuuliza mtu: umelitoa wapi, unaliuliza kwa lugha gani, na jibu lake linakwenda kwa nani. Hatua hizi unaweza kuzianza semista hii hii, bila kusubiri mtaala upitiwe upya.

Hatua ya kwanza: hesabu kilichomo kwenye kozi yako

Chapa muhtasari wa kozi unayoifundisha, chukua kalamu. Kwa kila andiko la lazima, andika pembeni mambo manne: waliotafitiwa walikuwa watu wa wapi, waliulizwa kwa lugha gani, mwandishi aliishi wapi, na mwaka gani. Nilipoifanya kazi hii kwa kozi niliyokuwa nimeifundisha miaka minne, nilikuta andiko moja tu ambalo watu wake wangeniitikia kama ningewaamkia kwa Kiswahili.

Hali hiyo si ya kozi yangu peke yake. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alichapisha hesabu ya majarida sita makubwa ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, akakuta asilimia 96 ya sampuli zimetoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, na asilimia 68 zimetoka Marekani tupu. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake wawili nchini Kanada wakaonyesha kwamba watu hao, ukiwalinganisha na wanadamu wengine, mara nyingi ndio wanaokaa pembeni kabisa: jinsi wanavyoona mistari, wanavyogawana mali, wanavyojieleza nafsi zao. Kwa hiyo kinachoitwa tabia ya binadamu kwenye kitabu cha mwaka wa kwanza huenda ni tabia ya wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani waliopewa alama za ziada wakajaze fomu.

Usikimbilie kufuta nusu ya kozi. Badilisha maandiko matatu kwa semista. Yaliyobaki, kila unapoyafundisha, taja washiriki walikuwa nani kabla hujataja matokeo. Ukikaa na tabia hiyo mwaka mmoja, wanafunzi wataanza kukuuliza wenyewe.

Hatua ya pili: anza na historia iliyotokea hapa

Wiki ya kwanza kwa kawaida huenda kwa Wundt, Mjerumani anayehesabiwa mwanzilishi wa saikolojia ya maabara, na maabara yake ya Leipzig ya mwaka 1879. Wundt abaki, ila mpe nusu saa. Muda uliosalia uwapeleke wanafunzi Nairobi.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni aliyekabidhiwa wagonjwa wa akili kabla hajayasomea magonjwa yenyewe. Kwa kuwaangalia watu waliofungiwa mle, akatoa hukumu juu ya bara zima. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha taarifa yake kuhusu Mau Mau. Humo, watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kuwa ni watu waliochanganyikiwa baada ya kukutana na ustaarabu. Waambie wanafunzi wazi kwamba hiyo ilikuwa saikolojia, yenye jalada na muhuri, iliyosomwa na wakubwa wakati maelfu ya Wakenya wakiwa kambini. Na leo bado mtoto wa Nairobi anamtukana mwenzake kwa jina la Mathari, kama wa Tanzania anavyomtishia mwenzake Mirembe. Hospitali za akili zilitufikia kama mahali pa kufungiwa, na jina limebaki na harufu hiyo.

Msiishie hapo, maana darasa litaondoka na hasira bila kazi ya kufanya. Wape madaktari wawili wa akili wa miaka ile ile. Wa kwanza ni Thomas Lambo wa Nigeria, ambaye mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, aliwapangisha wagonjwa kwenye nyumba za wanakijiji jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia na kumwangalia, na akafanya kazi pamoja na waganga wa kienyeji.

Wa pili ni Frantz Fanon, na hapa ningependa ukae kidogo. Fanon alifika hospitali ya Blida, Algeria, mwaka 1953. Kwenye wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha kwaya, gazeti, sinema, na kazi za mikono, wodi ikachangamka. Akapeleka mambo hayo hayo kwenye wodi ya wanaume Waislamu. Hayakwenda. Wanaume hawakuimba, gazeti hawakulisoma, kusuka vikapu wakaona ni kazi ya wanawake. Mwaka 1954 yeye na Jacques Azoulay wakaandika waziwazi kwamba kosa lilikuwa lao: walichukua maisha ya Ulaya wakayaweka juu ya watu ambao hawakuyaishi. Wakafungua mkahawa wa kahawa kama wa mtaani, wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamwita msimulizi wa hadithi, na wodi ikaamka.

Fanon alikuwa mtu mweusi, na hakuna aliyeuchukia ukoloni kuliko yeye. Bado alikosea mwanzoni. Mtafiti aliyezaliwa Mwanza anayekwenda kuhoji watu Mwanza asidhani kuzaliwa kwake kunamtosha. Shule aliyosoma nayo imemfundisha kuona.

Hatua ya tatu: kila nadharia ipewe mwenzake

Kila kitabu cha ukuaji wa mtoto kina Mary Ainsworth, mtafiti wa jinsi mtoto anavyoshikamana na mama, na chumba chake cha Baltimore, Marekani: mama anatoka, mtoto analia, mtafiti anaandika. Ni vichache vinavyotilia mkazo kwamba kazi ile ilianzia Uganda. Kati ya 1954 na 1955, akiwa Makerere, Ainsworth alizitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akikaa nao sebuleni mchana, akisaidiwa na mkalimani wake Katie Kibuka. Mtoto anayetambaa mbali kidogo, anageuka kumwangalia mama, kisha anaendelea na safari yake: hilo alilishuhudia kwanza huko. Mwanafunzi wa Kampala anayelisoma kama jambo la Marekani amenyang'anywa kitu chake mwenyewe.

Sasa wape zoezi. Kila mwanafunzi achore mstari kutoka alfajiri hadi usiku, aandike mtoto mchanga wa nyumbani kwao alibebwa na nani kila saa. Darasani kwangu mistari ile hujaa: mama, dada wa miaka tisa, bibi, mama tena kunyonyesha, jirani, shangazi aliyekuja kusalimia. Halafu uliza: mtoto huyu, ambaye hajawahi kuachwa chumbani peke yake hata siku moja, akiachwa na mgeni kwa dakika tatu akapiga yowe, tumepima nini? Wapo watakaomtetea Ainsworth, na hoja zao zina uzito. Waache wabishane, na wewe usiwe mwamuzi haraka.

Kwa somo la kujizuia, kitabu kitakuletea mtoto wa Stanford, Marekani, aliyewekewa peremende moja akaambiwa akisubiri bila kuila atapata ya pili. Mwekee pembeni utafiti wa Bettina Lamm na wenzake uliochapishwa mwaka 2018. Watoto wa miaka minne wa familia za wakulima wa Kinso, Kameruni, waliwekewa andazi la kwao, wakaambiwa wakisubiri watapata la pili. Karibu asilimia 70 walisubiri. Kwa watoto wa Ujerumani waliowekewa vitu vyao vitamu, hawakufika asilimia 30. Wale wa Kinso walikaa kimya, na wachache wakapitiwa na usingizi. Ukiyazungumzia malezi na mwanafunzi ambaye bibi yake alimkataza kushika chakula kabla wakubwa hawajanawa, atakueleza mengi ambayo makala haikuyafikia.

Na kwa somo la kupima akili kuna kazi ya Robert Serpell ya mwaka 1979, ninayoipenda kuliko zote. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo kwa njia mbalimbali. Kwa penseli na karatasi, Manchester wakashinda. Kwa waya, Lusaka wakashinda. Kwa udongo wa mfinyanzi, wakalingana. Aliyekulia mitaa yetu anajua sababu bila kuambiwa, kwa kuwa watoto wa Lusaka, kama wa Dodoma, wanatengeneza magari kwa waya, na usukani mrefu wa kuyaendesha wakiwa wamesimama. Nenda na waya darasani. Dakika kumi, kila mmoja akunje baiskeli. Mwanafunzi ambaye hajawahi kunyoosha mkono ndiye atakayemaliza wa kwanza.

Hatua ya nne: wafungulie Kiswahili

Vyuo vyetu vingi vinafundisha kwa Kiingereza, na mtihani utakuwa kwa Kiingereza, hilo halibadiliki wiki ijayo. Unachokimiliki ni dakika zako. Tenga dakika ishirini za mwanzo wa semina ziwe za Kiswahili na neno moja ubaoni.

Anza na akili. Uliza: nyumbani kwenu, mtoto gani huambiwa ana akili? Majibu hayatahusu hesabu za kichwa. Ni yule anayetumwa dukani akarudisha chenji kamili, anayemwona mgeni akakimbia kuleta kiti, anayejua lini anyamaze. Ukishajaza ubao, waeleze kwamba Sara Harkness na Charles Super walipokaa Kokwet, Kenya, walikuta neno la Kikipsigis ng'om, la mtoto mwenye akili, limebeba ndani yake uwezo wa kuaminiwa kazi bila kusimamiwa. Na kwamba upande wa Wajaluo, watafiti waliokuwa na Elena Grigorenko na Robert Sternberg walikuta maneno manne, rieko, luoro, paro na winjo, na mojawapo, luoro, ni heshima. Katika utafiti wao mwingine wa huko, kwa watoto 85 wa miaka 12 hadi 15, wale waliojua zaidi dawa za mitishamba kwa kawaida walipata chini kwenye vipimo vya msamiati wa shule. Wazazi walikuwa wamewekeza penye faida waliyoiona.

Wiki nyingine weka moyo, roho na nafsi. Mtu ana roho mbaya, anajitolea kwa moyo, nafsi inamsuta. Hasira humpanda, hofu humshika, mawazo humzidi. Hisia zetu nyingi kwenye lugha humjia mtu kutoka nje na kumkalia, na hilo lina maana kwa mshauri anayemwambia mteja "zimiliki hisia zako". Weka pia huzuni na jamaa zake wote: majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, unyonge. Kihoro si sawa na simanzi, muulize mtu mzima wa pwani akueleze. Juu ya hayo tumeongeza sonona, kwa ugonjwa wa huzuni isiyoisha, na wenzetu wa Kenya wanasema unyogovu. Ni maneno yanayofaa kwenye daftari la hospitali na kwenye bango la wizara. Ila usimuulize mtu kijijini kama ana sonona. Atakuuliza inauma wapi.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wapenzi wa Kiswahili tunalifumbia macho. Kiswahili nacho kinaweza kumfanyia Mhadzabe au Msukuma kile ambacho Kiingereza kimetufanyia sisi. Bibi wa Kisukuma atakielewa Kiswahili chako cha sokoni vizuri kabisa, lakini msiba wake ameuweka kwenye Kisukuma. Kama huna mtu wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo, bado hujawa tayari kumhoji.

Hatua ya tano: kaa kwanza, dodoso baadaye

Wanafunzi wangu wengi huja na kichwa cha utafiti na kipimo tayari, wakitafuta tu mahali pa kukipeleka. Geuza mpangilio. Wiki mbili za mwanzo uwanjani zisiwe na dodoso kabisa. Tafuta watu ishirini hadi thelathini wa aina mbalimbali: mkunga, shehe, mchungaji, mganga, mama lishe, kijana wa bodaboda, mzee wa baraza. Waulize maswali manne: hapa kwenu mtu akizidiwa na mawazo mnamjuaje? Mnamwitaje? Nini humfikisha hapo? Huenda kwa nani kwanza? Andika maneno yao kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na methali na vijembe. Kisha yaandike kwenye vikaratasi, uwape watu wengine wayapange mafungu wanavyoona wao yanakaa pamoja. Mafungu yale ndiyo ramani yako.

Njia hii imeshazaa vitu. Nchini Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walilikuta neno la Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, wakatengeneza dodoso la maswali 14 kutokana na jinsi Washona wenyewe wanavyosema. Hapa Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2008 kipimo cha vipengele 19 cha kutambua sonona, kilichotengenezwa hapa hapa nchini. Mwanafunzi wa Tanzania anayeagiza kipimo kutoka ng'ambo bila kukiangalia hicho kwanza, mwombe aeleze sababu kwa maandishi.

Dodoso la Kishona likaja kuwa mguu mmoja wa Benchi la Urafiki, mpango ambao mtu mwenye mawazo huketi benchini na bibi aliyefunzwa kumsikiliza. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 mjini Harare, wanawake wa mtaani waliokuwa tayari wafanyakazi wa afya wa kujitolea. Jina la mwanzo lilitaja afya ya akili, na watu wakaona aibu kukaa. Mabibi ndio walioshauri libadilishwe. Hatua zao wanaziita kwa Kishona: kuvhura pfungwa, kufungua fikra, halafu kusimudzira, kuinua, halafu kusimbisa, kutia nguvu. Msemaji wa Kiswahili anaisikia karibu nusu yake bila mkalimani. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio yao ya watu 573 yalitoka kwenye jarida kubwa la madaktari wa Marekani: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14 kwa walioketi na bibi, na asilimia 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Benchi limeshafika Malawi na Zanzibar.

Nakuomba utazame jambo moja katika kisa hicho: walipima. Mapenzi kwa vya kwetu hayatuondolei wajibu huo. Kama kuna mahali pa tiba ambapo mgonjwa amefungwa mnyororo mtini, paseme hivyo kwenye taarifa yako, hata kama mganga ni mjomba wako na amekukaribisha chai. Ukoloni ulitudharau bila kututazama, na kujisifu bila kujitazama kunamwacha mgonjwa pale pale mtini.

Hatua ya sita: kama ni lazima utafsiri

Wakati mwingine mfadhili au msimamizi anataka kipimo kinachojulikana duniani. Sawa, lakini usikubali tafsiri ya usiku mmoja.

Watafsiri wawili wafanye kila mmoja peke yake, mmoja wa fani na mmoja asiye wa fani. Wakutane walinganishe. Kisha hufuata tafsiri rejeshi, mtu wa tatu anarudisha Kiswahili kuwa Kiingereza. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mtego ulipo. Kuna dodoso la Marekani lenye kipengele kinachoitaja huzuni kwa rangi ya buluu. Mtafsiri mvivu ataandika "kujisikia buluu", mrejeshaji atarudisha rangi ile ile, mistari miwili itafanana herufi kwa herufi, na kamati itapiga muhuri. Tafsiri rejeshi huipa alama za juu tafsiri ya neno kwa neno. Kama Kiswahili kina maana kwa anayekisikia, haiwezi kukuambia.

Anayeweza ni mhojiwa. Chukua watu kumi wa rika na kisomo cha wale utakaowatafiti. Soma kipengele, kisha sema: "Hebu niambie kwa maneno yako, nimekuuliza nini?" Halafu: "Umefikiria nini kabla ya kujibu?" Ungemuuliza hivyo mama wa zahanati, ungegundua ndani ya dakika moja kwamba kulala kwetu ni kujinyoosha kitandani, na macho makavu usiku kucha hayahesabiki. Kinachotakiwa kuulizwa ni usingizi: unaupata? Ukishtuka usiku, unarudi? Kwenye chakula vivyo hivyo. Uliza kama kinapita, kama kina ladha, maana "unakula?" mtu hulijibu kwa heshima, asije akaonekana anaomba.

Majibu ya kuchagua nayo yana mashaka yake. "Zaidi ya nusu ya siku" ndani ya wiki mbili ni hesabu nzito kwa mtu aliyesimama na mtoto mgongoni, na kwa Kiswahili inaweza kusikika kama zaidi ya nusu ya mchana. Weka mezani maharage kumi na nne, kila harage siku moja, umwombe asogeze siku zilizokuwa mbaya. Mimi natembea na maharage kwenye kopo la dawa. Yananiwekea kumbukumbu nzuri kuliko kalamu yangu, kwa sababu mtu huanza kuyasogeza huku akisimulia: hii ni Jumapili tuliyokwenda kaburini, hii ni siku ya mnada.

Kila badiliko liandikwe na sababu yake, na lionekane kwenye tasnifu. Mtahini akisema umekiharibu kipimo, utakuwa na cha kumwonyesha.

Hatua ya saba: vibali, ridhaa na majina

Vibali vya utafiti vya tume za serikali za sayansi, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, vinajulikana, na barua ya mtendaji wa kata pia. Ila barua ya mtendaji isichukue nafasi ya ridhaa ya mtu. Aliyeitwa na mwenyekiti wa mtaa hana ujasiri wa kukataa mbele yake. Mwambie upya, mkiwa wawili, kwamba anaweza kwenda nyumbani na posho ya nauli ataipata vilevile.

Fomu za ridhaa za kurasa nne zilitungwa kumlinda aliyezitunga. Isome kwa sauti nyumbani kwako, kwa mtu mzima asiye msomi. Panapomchosha, kata.

Wasan wa Afrika Kusini walichoka na wageni wa kuwapima, na mwaka 2017 wakatoa kanuni zao za utafiti: heshima, uaminifu, haki, kujali, na kufuata utaratibu wao. Soma kanuni zile na wasaidizi wako kabla ya kuingia uwanjani. Na kuhusu wasaidizi: kabla ya siku ya kwanza, andikeni nani atakuwa mwandishi mwenza na kwa kazi ipi. Msaidizi aliyetafuta neno sahihi la Kimakonde kwa wiki tatu amefanya kazi ya kitaaluma. Shukrani za mstari mmoja mwishoni mwa makala hazimtoshi. Kama data inakwenda kutunzwa nje, mkataba useme nakala kamili inabaki chuoni kwenu na mnaweza kuitumia bila kuomba.

Hatua ya nane: rudi

Andaa ukurasa mmoja kwa lugha ya wenyeji, herufi kubwa, bila jedwali. Uwe na mambo matatu: tuliwauliza nini, mlituambia nini, tumeyapeleka wapi. Omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, ikiwezekana baada ya ajenda ya maji, kwa kuwa watu bado wapo. Soma, kaa chini, uwaache waseme umekosea wapi. Watakusahihisha, na masahihisho hayo yaingie kwenye makala, na tarehe ya mkutano itajwe.

Usimtaje mtu kwa kisa chake hata kwa mafumbo, kijiji ni kidogo na kila mtu anajua nani alizika mwezi ule. Acha nakala kwa mwenyekiti, kwa muuguzi wa zahanati, na kwa mwalimu mkuu, kila moja na namba yako ya simu inayopatikana.

Siku hizo mbili za kurudi, mafuta, na chakula cha wajumbe, ziandike kwenye bajeti tangu andiko la kwanza la utafiti, kwenye mstari wake wenyewe. Mfadhili akitaka kupunguza, apunguze semina ya hotelini. Fedha zikishakwisha hakuna atakayekulipia nauli ya kurudi, na kijiji kitakuhesabu pamoja na wale wengine waliokuja na madodoso wakaondoka.